Aliyeuza Maua

Mwaka wa kwanza aliuza maua. Mwaka wa pili akauza maua tena, kwa bei ya chini kidogo. Mwaka wa tatu mnunuzi hakutokea, na wa nne akauza mashina. Kisa chote ndicho hicho, na ukikisikia kwa ufupi hivyo utadhani ni habari za mtu mvivu. Mzee huyu hakuwa mvivu. Pamba yake ilipaliliwa kwa wakati, ng'ombe wake waliingia zizini kabla giza halijashika, na pombe aliiacha ujanani. Mvivu akipoteza mali hatujifunzi kitu. Tunaishia kusema tulijua tu. Huyu alipoteza miembe mitano akiwa macho, akifanya kila mara jambo ambalo jirani yeyote mwenye akili zake angelifanya siku hiyo.

Simtaji jina, na hata ningetaka nisingeweza, kwa kuwa si mtu mmoja. Yaliyompata yametapakaa kwenye miji mingi kando ya barabara ya kutoka Usagara kwenda Kigongo. Hapa nimeyakusanya kwenye ua mmoja ili yasimulike.

Usagara wenyewe unajulikana kwa kila msafiri wa Kanda ya Ziwa. Basi likitoka Mwanza mjini na kuiacha Buhongwa nyuma, hufika njiapanda ikabidi lichague: moja kwa moja kuelekea Misungwi na Shinyanga, au kulia kuelekea Kigongo, na ng'ambo ya maji ndiko Busisi, Sengerema na Geita. Kwa miaka mingi kupinda kulia kulikuwa ni kwenda kupanga foleni ya kivuko. Tangu Juni 2025 ni kupita juu ya daraja la kilomita 3. Upande wa Fela nako kuna kazi za reli mpya ya Mwanza hadi Isaka, ambayo jiwe lake la msingi liliwekwa Juni 2021. Barabara, daraja na reli vinaingia katika habari hii ya miembe kwa mlango mmoja tu: panapojengwa hutakiwa matofali.

Miembe ile mitano aliipanda baba yake kwenye luseni, udongo wa kichanga ambao Usukumani hulimwa mihogo na karanga. Kusema aliipanda ni kumpamba. Alikula maembe, akafukia kokwa, mbuzi wakala miche mingine na mitano ikapona. Mitatu ilikuwa ya kienyeji, yenye maembe madogo ya nyuzi ambayo watoto huyafyonza mpaka kokwa ibaki nyeupe; miwili ilikuwa dodo. Hakuna aliyewahi kuimwagilia maji tangu ilipopita urefu wa mtu. Chini yake ndiko walikoketi wageni, mahindi yalipukuchuliwa hapo, na vikao viwili vya mahari vilimalizikia hapo hapo. Mti wa namna hiyo mtu haingizi kwenye hesabu ya mali yake. Ukimuuliza anacho nini atakutajia ng'ombe, ekari na baiskeli. Mwembe atausahau, ingawa ameuegemea.

Siku aliyoukumbuka ilikuwa Julai. Kijana wake alikuwa amechaguliwa kwenda kidato cha tano, shule ya bweni, na barua ya shule ilikuja na orodha yake: godoro, tranka, sare jozi mbili, rimu ya karatasi, jembe, fagio la chelewa. Pamba ilikuwa imeshauzwa na fedha yake imeshatumika. Ng'ombe wa kuuza alikuwepo, lakini alikuwa na mimba. Akiwa katika hali hiyo, akaingia uani mtu mwenye daftari mfukoni, akasalimia vizuri, akainua macho juu.

Wanunuzi hawa wapo kila mahali panapoota miembe, kuanzia Muheza na Mkuranga mpaka Tabora. Huzunguka mti ungali na maua, wakapima kwa macho mashada yalivyofunga, wakataja bei ya mti mzima. Mkikubaliana, yatakayozaliwa ni ya kwao. Hakuna karatasi. Mimi siwaiti wezi, kama wengi wapendavyo kuwaita. Mwembe hutoa maua kwa maelfu, na katika maua mia ni bahati hata moja likafika kuwa embe lililokomaa. Mvua moja ya ghafla wakati wa maua, au ukungu mweupe wa ubwiri, na yule mwenye daftari amenunua majani. Bei yake ni ndogo kwa sababu ananunua kitu ambacho hakijawa kitu. Hilo ni haki yake.

Ila kwenye biashara hiyo kuna kitu kingine kilichouzwa, na hakuna kati yao aliyekitia kwenye bei. Mzee aliuza sababu ya kwenda chini ya mti. Kuanzia Julai ile, embe likianguka halikuwa lake. Likioza halikuwa lake. Mkewe aliyezoea kufagia chini ya miembe kila asubuhi aliacha, akisema tajiri aliyenunua atafagia mali yake mwenyewe. Watoto walikatazwa kuokota, maana wangeitwa wezi. Na tajiri, kwa upande wake, alikuwa na miti mingine mingi kuanzia hapo hadi Misungwi; hakuwa na habari na embe moja lililodondoka Oktoba.

Novemba vijana wake walikuja na fuso. Walipanda na magunia, wakatikisa, wakachuma yaliyokomaa na yasiyokomaa kwa siku moja, kwa kuwa gari lilikuwa la kukodi. Yaliyo mazima yaliingia kwenye matenga. Yaliyopasuka, yenye alama nyeusi na yaliyoanza kulainika upande mmoja yaliachwa yalipoangukia. Ua ulinuka wiki mbili. Mbuzi walikula kiasi, nguruwe wa jirani kiasi, na mengine yakazama kwenye mchanga mvua za vuli zilipokolea.

Mwaka wa pili ulikuwa hivyo hivyo, isipokuwa tajiri alilalamika kwamba mwaka uliopita matenga mengi yalifika Mwanza yakiwa na funza. Akapunguza bei. Mzee akakubali, kwa sababu kijana bado alikuwa shuleni na orodha ilikuwa imerudi, fupi kidogo, lakini imerudi. Mwaka wa tatu tajiri alipita barabarani bila kuingia. Mzee akasema si neno, safari hii tutayala wenyewe. Desemba mkewe alimenya embe moja zuri la dodo, la manjano, lisilo na doa, akalikata katikati, na nyama yote ilikuwa inacheza. Akamenya la pili. La tatu hakulimenya.

Maneno yalianza hapo. Mmoja alisema mti umezeeka, na mti mzee huzaa funza kama vile kuku mzee aachavyo kutaga. Mwingine alisema ni dawa za pamba, zimepeperushwa na upepo. Wa tatu hakusema wazi, ila aliuliza mzee amegombana na nani hivi karibuni, na Usukumani swali la namna hiyo haliulizwi bure. Yote matatu yalikubaliana katika jambo moja: ubaya umo ndani ya mti.

Haukuwamo. Mwaka 2003 watafiti nchini Kenya walinasa nzi wa matunda ambaye hakuwa akijulikana Afrika, na mwaka huohuo akaonekana Tanzania. Mwaka 2005 wataalamu walimpa jina la Bactrocera invadens, jina linalobeba maana ya uvamizi. Miaka kumi baadaye, baada ya kumlinganisha vizuri na ndugu zake, wakakubaliana kwamba ni yuleyule nzi wa Asia ajulikanaye tangu zamani kama Bactrocera dorsalis. Ndani ya miaka michache alikuwa amesambaa karibu Afrika yote iliyo kusini mwa Sahara. Nzi wa asili wa maembe tulikuwa naye kabla ya hapo, na wazee wanakumbuka kukuta funza mara mojamoja. Huyu mgeni alikuja kwa wingi mwingine kabisa, na mahali pengi amemsukuma mwenyeji pembeni.

Mwendo wake ni mfupi kueleza. Jike hutoboa ganda la embe kwa ncha ya nyuma ya mwili wake na kutaga mayai chini ya ngozi. Tundu ni dogo kiasi kwamba embe linaweza kukaa kwenye sinia ya mgeni bila kutiliwa shaka. Baada ya siku moja au mbili mayai huanguliwa, na funza hula nyama kuelekea kwenye kokwa. Embe huanguka mapema. Funza hutoka, huzama kwenye udongo sentimita chache tu, hujifunga humo, na baada ya wiki moja na nusu hivi hutoka nzi mpya mwenye mbawa. Mwezi mmoja wa joto humtosha kutoka yai hadi kutaga, na jike mmoja anaweza kutaga mayai zaidi ya elfu katika maisha yake.

Sasa urudi kwenye ua wa yule mzee. Luseni ni mchanga laini, unachimbika hata kwa kidole. Ufukwe wa ziwa hauna baridi ya kumsumbua mdudu. Na juu ya mchanga huo, misimu miwili mfululizo, kulikuwa na zulia la maembe mabovu ambayo hayakuwa na mwenyewe. Mti ulikuwa unazaa maembe, na ardhi iliyo chini yake ilikuwa inazaa nzi. Mzee akatazama juu kutafuta kosa, na majirani wakatazama juu pamoja naye.

Nisimame kidogo kwenye huyu nzi na mti wake, maana wamefika kwetu kwa njia zisizofanana. Mwembe ni wa Asia, nchi za India na Myanmar, na ulivuka bahari kuja pwani yetu karne nyingi zilizopita. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikuta watu wakila wali na achari ya maembe, akaeleza kwamba tunda hilo ni kama tofaa lenye kokwa. Kutoka pwani lilipanda bara kwa miguu. Kokwa ya embe haivumilii kukaushwa na kuwekwa kama mahindi, ikikauka imekufa. Aliyeibeba ilimlazimu aipande upesi, na ndiyo maana miembe mikubwa ya bara imejipanga kwenye njia ya misafara, kituo baada ya kituo, hadi Tabora na Ujiji, ambako Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871 na wageni huonyeshwa hadi leo miembe iliyo kizazi cha ule wanaosema ndio waliosalimiana chini yake. Tanzania iliiweka njia hiyo kwenye orodha ya mapendekezo ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Kuna uchungu mwingi kwenye njia ile, ya pembe na ya watumwa, na kivuli hakiufuti. Ninachosema ni kwamba mti ulitangulia bila adui wake huyu, ukastarehe Afrika kwa karne nyingi bila kutunzwa, ukatuzoesha vibaya. Adui alipowasili alitukuta hatuna desturi hata moja ya kuutunza.

Mwaka wa nne alikuja mtu wa tanuru. Hakuwa na daftari; alikuja na kamba ya kupimia unene. Pale njiapanda vyumba vya biashara vilikuwa vinainuka kila upande, viwanja vilikuwa vinapimwa hadi kwenye mashamba ya mihogo, na kila mjenzi alitaka matofali ya kuchoma. Tanuru la matofali elfu kadhaa lina midomo chini yake, na midomo ile hailishwi vijiti. Hulishwa magogo, usiku na mchana, mpaka matofali ya juu kabisa yawe mekundu. Miti ya asili iliyokuwa ikitumika imeshapungua sana huku, na ile ya akasia inayofaa zaidi huishia kwenye mkaa. Mwembe uko uani, ni mnene, hauna mlinzi, hauhitaji kibali cha mtu wa mbali. Mwenye tanuru akiona mwembe wenye funza huona gogo lililokwisha kusamehewa na mwenyewe.

Mzee hakubishana sana. Mti hauzai tena, alisema, una funza, na kijana amemaliza kidato cha sita anataka chumba chake. Mashina matano yakatoa bati za chumba hicho. Sitaki kuzidharau bati hizo; mvua haiingii mle hadi leo. Msumeno ulianza saa mbili asubuhi na kufikia adhuhuri ua ulikuwa na mwanga ambao haukuwahi kuwa nao. Siku hiyo waliufurahia. Februari, jua la saa nane likiwa limesimama katikati ya ua, kikao cha mahari ya binti wa tatu kilihamishiwa kwa jirani.

Jirani huyo ni mjane, na ndiye upande wa kisa ambao sitaki uuruke. Miji yao inapakana. Kati yao kuna minyaa tu. Ana miembe mitatu. Alisikia habari za nzi huyu kwa afisa ugani, kwenye mkutano uliokuwa umeitishwa kwa ajili ya viwavijeshi, na maneno yaliyomhusu nzi yalichukua kama dakika kumi. Alirudi nyumbani akachimba shimo, kina cha goti na kuzidi, yaani nusu mita au zaidi, kwa kuwa nzi aliyefukiwa juujuu hutoka kama kawaida. Kila asubuhi kabla ya kwenda shambani aliokota yaliyoanguka usiku, mazuri na mabaya, akayatupa shimoni na kufunika kwa udongo. Baadaye akajifunza njia nyingine: kuyarundika juani chini ya nailoni nene nyeusi, kingo zikiwa zimefukiwa, mpaka joto liue kilichomo. (Ushauri wa zamani ulikuwa mifuko myeusi ya plastiki; tangu marufuku ya Juni 2019 mifuko ya kubebea hairuhusiwi, na vipeperushi vingine bado vinaitaja kana kwamba hakuna kilichotokea.) Maembe yake aliyachuma yakiwa yamekomaa lakini magumu, akayaivishia ndani, maana nzi hupenda zaidi lile linaloanza kulainika mtini.

Kwa hadithi iliyopangwa vizuri, mjane angevuna maembe safi na mzee angejuta. Haikuwa hivyo. Miaka ile mitatu alipokuwa anafukia peke yake, maembe yake mengi yaliendelea kuwa na funza. Pungufu kuliko ya jirani, ndiyo, na aliweza kuuza sado mbili tatu njiapanda kwa abiria wa mabasi. Lakini alikuwa anafukia mia huku upande wa pili wa minyaa yakioza elfu. Nzi ana mbawa. Anaweza kwenda kilomita kadhaa akitafuta pa kutaga, na minyaa haimzuii. Mama yule alifanya kila alichofundishwa, kwa usahihi, na akapata nusu ya kilichoahidiwa, kwa sababu aliyemfundisha alimfundisha yeye peke yake.

Hapo ndipo ninapowashangaa Wasukuma kuliko watu wengine wote wa nchi hii, na nawashangaa kwa heshima. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipovuka kila kiasi katika nchi za Wasukuma na Wanyamwezi, hawa hawakungoja kila mwenye zizi alinde zizi lake. Waliunda sungusungu. Yowe likipigwa kijiji kimoja lilipokelewa na kingine, vijana wakatoka na pinde na mishale, na asiyetoka alitozwa faini. Aliyekaidi faini alitengwa, asipewe moto wala msaada msibani. Serikali iliyaona hayo ikayakubali, baadaye ikayaiga. Msingi wake ulikuwa wa zamani zaidi: jamii ambayo ilikuwa na basumba batale, viongozi wa vijana wa kijiji, na vijana wao wakilima shamba la huyu leo na la yule kesho. Waliuelewa vizuri ukweli kwamba mwizi wa ng'ombe hana jirani mmoja. Nzi wa matunda ni mwizi wa aina hiyo hiyo, anavuka mpaka usiku na mchana, analala kwako anakula kwangu, na hakuna hata kijiji kimoja nilichosikia kikipiga yowe kwa ajili ya embe lililoanguka. Nadhani sababu ni ile ile ya mwanzo. Ng'ombe yumo kwenye hesabu ya mali. Mwembe hauingii.

Wako waliouingiza kwenye hesabu hiyo kwa kulazimishwa. Mwaka 2014 Kenya ilijizuia yenyewe kupeleka maembe Ulaya, kwa kuwa mizigo ilikuwa inakamatwa huko ikiwa na funza na marufuku rasmi ilikuwa inanukia. Ilichukua hadi mwaka 2021 kurudi. Makueni, kaunti kavu ambayo maembe ni mkate wake, haikurudi kwa dawa pekee. Walichagua maeneo, wakakubaliana kwamba eneo zima litafanya kazi moja kwa wakati mmoja: mitego yenye kivutio cha kunasa madume, chambo cha protini cha kuwaua majike, kuokota na kuharibu kila tunda lililoanguka, kwa kila shamba lililomo. Shamba moja likiachwa katikati, kazi ya wengine wote ina tundu. Nchini Benin nako utafiti umeonyesha kwamba miembe yenye wale sisimizi wekundu wanaoshona majani, ambao pwani huitwa majimoto, hupata madhara madogo zaidi ya nzi. Wachumaji hawawapendi kwa jinsi wanavyouma, na mara nyingi wao ndio wa kwanza kuchomwa moto mtu anapoamua kuusafisha mti wake.

Na hata ile miembe mitano, kama tatizo lingekuwa kweli ni uzee au uchache wa nyama kwenye maembe ya nyuzi, kulikuwa na njia isiyopita kwenye tanuru. Mwembe mkubwa hukatwa matawi, ukaachwa uchipue, na machipukizi yale yakabebeshwa vikonyo vya aina unayoitaka, Apple, Kent au hata dodo. Mizizi ya miaka hamsini iko tayari chini, imeshafika kwenye maji. Matunda huja mapema kuliko mche uliopandwa leo. Mafundi wa kubebesha wapo, miche na vikonyo vinauzwa, na kituo cha utafiti wa kilimo cha Ukiriguru hakiko mbali na njiapanda, ingawa jina lake limejengwa na pamba. Kisiki kilichong'olewa hakibebeshwi kitu.

Mzee, kwa haki yake, hakukaa na kisiki akilia. Msimu uliofuata alinunua miche miwili ya kubebesha kutoka kwa kijana anayeipanga kando ya barabara kwenye viroba vidogo. Akaambiwa itaanza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne, akakubali. Akachimba mahali palepale palipokuwa na dodo, mita kumi kutoka mmoja hadi mwingine, akatia samadi. Jioni ile alikwenda kwa mjane kuomba debe la maji, kwa kuwa lake lilikuwa limetoboka.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila, baba. Nimekuona umechimba mashimo."

"Mawili. Ya miche."

Mjane akampa debe. "Bado moja."

"La mche gani tena?"

"Si la mche. Mwembe wangu huu mkubwa umeshavuka minyaa, nusu ya matawi yake iko kwako. Mwaka huu yataanza kuanguka Oktoba, na upande wako mimi siwezi kuingia kuokota alfajiri na wakwe zako wamelala."

Mzee akatazama minyaa, kisha matawi. Akauliza kama maembe yatakayoangukia upande wake yakiwa mazima atayala au atamrudishia. Wakabishana juu ya hilo mpaka maji ya debe yakamwagika kidogo, na hawakufikia mwafaka jioni ile. Lakini shimo alilichimba Jumamosi, na akamlazimisha kijana wake aliyemaliza kidato cha sita kulipima kwa futi, lisipungue nusu mita.